Dhahabu, Kitabu na Utu: Funzo la Mwamko wa Ulaya kwa Watu wa Shinyanga na Geita

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa dayosisi katika maadhimisho ya jubilei ya miaka 100)



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kipindi cha historia ya Ulaya kiitwacho Renesansi, neno lenye maana ya kuzaliwa upya, ambacho hapa nitakiita Mwamko. Pengine mtu atauliza: sisi watu wa pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu tuna nini na Ulaya ya miaka 500 iliyopita? Tuna mambo mawili. Kwanza, Matengenezo ya Kanisa yaliyotuzaa sisi Walutheri yalikulia katika kipindi hicho. Pili, Mwamko ulikuwa wakati ambapo mali iliongezeka kwa kasi, na watu wakalazimika kuamua mali hiyo igeuzwe kuwa nini. Swali hilo sasa liko mlangoni petu.

Mwamko ulianzia katika miji ya Italia katika karne ya 14, ukaenea nchi nyingine za Ulaya hadi karne ya 16. Florence ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa sufu na wenye mabenki, na tangu mwaka 1252 ulitoa sarafu yake ya dhahabu, florini. Familia ya Medici, iliyotajirika kwa benki, ilitumia sehemu ya mali yake kuwalipa wachoraji na wachongaji, kujenga maktaba na kununua miswada ya kale. Wasomi kama Francesco Petrarca (1304–1374) walitafuta katika nyumba za watawa maandiko ya Kirumi yaliyosahauliwa. Kisha, karibu mwaka 1455, Johannes Gutenberg alikamilisha huko Mainz kuchapa Biblia ya Kilatini kwa herufi za chuma.

Wito wa wasomi hao ulikuwa mmoja: turudi kwenye chemchemi, tusome wenyewe, tupime kila neno. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliichunguza hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa utawala wa nchi za magharibi, akathibitisha kwamba ilikuwa ya kughushi. Mwaka 1516 Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kiyunani mjini Basel. Toleo lake la pili, la mwaka 1519, ndilo Martin Luther alilolitumia kutafsiri, na Septemba 1522 Wajerumani wakapata Agano Jipya katika lugha ya nyumbani kwao.

Ndugu zangu, dhahabu peke yake haikuleta mambo hayo. Jirani yetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981), aliyesoma Kilatini katika seminari ya Rubya, alifanya kazi iliyofanana na ya wasomi wale. Alirudi kwenye chemchemi ya watu wake, akaandika kwa Kikerewe maisha na desturi za mababu, akamaliza mwaka 1945. Wakati huo, ng'ambo ya maji, mgodi wa Geita ulikuwa ukitoa dhahabu tangu miaka ya 1930. Hata hivyo kitabu chake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambacho alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kilichapishwa mwaka 1980. Dhahabu ilikuwapo miaka yote hiyo. Wa kukichapa kitabu hakupatikana kwa miaka 35.

Tena dhahabu ya Mwamko ina habari inayotuhusu Waafrika. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, mali iliyopatikana kwa biashara ya Sofala. Kwa dhahabu hiyo Mfalme Manuel wa Ureno aliagiza chombo kitakatifu cha ibada, ambacho sonara Gil Vicente alikikamilisha mwaka 1506. Chombo hicho kipo hadi leo katika makumbusho mjini Lisbon, nacho kinasifiwa kwa uzuri wake. Lakini mwaka 1505, kabla hakijakamilika, meli za Ureno zilikuwa zimeipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Basi madhabahu yaweza kung'aa kwa dhahabu iliyotolewa kwa machozi ya watu wengine.

Kuna jambo zito zaidi. Mashine iliyochapa Biblia ilichapa pia hofu. Karibu mwaka 1486 kilitoka Ujerumani kitabu kilichofundisha namna ya kuwasaka na kuwahukumu wachawi, nacho kikachapwa tena na tena. Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma hiyo, wengi wao wanawake. Waliouawa walikuwamo katika nchi za Kikatoliki na za Kilutheri pia, na Luther mwenyewe aliamini kwamba wachawi wapo na wastahili adhabu. Hivyo basi, bara lenye vyuo vikuu, picha nzuri na Biblia iliyochapwa liliendelea kuwachoma moto akina mama.

Wapendwa, hapa hatuna budi kujitazama. Katika ardhi hii ya Wasukuma, akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwapikia watoto na wajukuu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa hii, baada ya waganga kuwadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya binadamu huleta bahati. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua kijana wa miaka 14. Hapa Shinyanga, kituo cha Buhangija kililazimika kuwapokea watoto waliokimbizwa makwao ili wapate kuishi. Mauaji hayo yalitokea katika miaka ambayo migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, ilikuwa ikitoa dhahabu usiku na mchana.

Ni nini kilichoitoa Ulaya katika giza lile? Hapana jibu moja, lakini ujasiri wa kudai ushahidi ulikuwa na sehemu yake. Mwaka 1563 tabibu Johann Weyer aliandika kwamba wengi wa wanawake waliotuhumiwa walikuwa wazee na wagonjwa, waliohitaji tabibu badala ya mnyongaji. Alifanya kwa miili ya watu kile ambacho Valla alikifanya kwa hati: alipima kwanza, ndipo akatamka. Naye Luther, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kwamba, ikiwa miji inatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, basi itumie pia kwa walimu, ili wavulana na wasichana wasome.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukakoma mwaka 2021. Dhahabu huisha; aliyefundishwa kusoma na kupima hubaki. Kwa hiyo naomba usharika huu uanze karne yake ya pili kwa mambo matatu. Mosi, fungu la sadaka litengwe kwa ajili ya vitabu na walimu. Pili, habari za wazee wetu ziandikwe wangali hai. Tatu, pasiwepo mtuhumiwa wa uchawi atakayekosa mlango wa kukimbilia katika nyumba ya msharika yeyote.

Miaka 100 ijayo watakaosimama hapa watauliza dhahabu yetu ilikwenda wapi. Na wapewe jibu na bibi kizee aliyeishi hadi mwisho wa siku zake, na mtoto mwenye ualbino aliyekua, akasoma, akawa mwalimu wao.

Mungu aubariki usharika wetu.