Zebaki, Mishipa ya Fahamu na Ghala Letu
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Kharumwa



Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za pamba na mpunga, za mizani na malipo, na wamezieleza vema. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa robo saa tu, nasi tumeona afadhali tuitumie kwa jambo moja ambalo limo katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa hakuna mkaguzi aliyepata kulitia alama.

Kila mmoja wetu ajua ya kuwa mwanachama wa Nyang'hwale ni mkulima wakati wa mvua na mara nyingi ni mchimbaji wakati wa kiangazi. Hatuwalaumu vijana kwa hilo. Dhahabu imesomesha watoto na kuezeka nyumba ambazo pamba peke yake isingeziezeka. Lakini twajua pia jinsi dhahabu inavyopatikana. Mawe husagwa kwenye karasha, mchanga wake huoshwa, kisha hutiwa zebaki katika karai na kukandwa kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, zikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa motoni. Zebaki huondoka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Swali ambalo hatukujiuliza ni hili: huo mvuke huenda wapi?

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, sehemu ipatayo asilimia 80 hubaki mwilini. Hupita mapafuni, huingia katika damu, na damu huufikisha kwenye ubongo. Huko zebaki haitoki upesi. Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, hasa mtu anaponyosha mkono kushika kitu, fizi kuvimba na mate kujaa, usingizi kupotea, hasira za ghafla au haya isiyo na sababu, kusahau, na mwendo wa kuyumba kama wa mlevi. Mama mjamzito akiuvuta, mtoto tumboni hupata sehemu yake.

Sasa twafika kwenye vitabu vyetu. Chama kimoja cha msingi, miongoni mwa vyama vyetu wenyewe, kilimkodisha mnunuzi wa dhahabu chumba cha nyuma cha ghala la pamba. Tuliidhinisha sisi, na sahihi ni zetu. Kodi yake ilitosha kulipa mshahara wa mlinzi, nasi tukajiona werevu. Mlinzi huyo alilala kwenye baraza, mlango wa pili kutoka chumba hicho, na donge lilichomwa humo karibu kila siku.

Tulipokuwa tukitayarisha kijitabu hiki tulifunua vitabu vya mishahara vya miaka iliyopita. Katika mwaka wa kwanza sahihi ya mlinzi ni safi, ya mtu aliyesoma. Baada ya miaka miwili herufi zimeanza kuvunjika. Mwaka uliofuata mstari umepanda na kushuka kama njia ya siafu, na kisha hakuna sahihi tena, ila dole gumba. Karani alidhani ni pombe, na mara moja tulimkata mshahara kwa ulevi. Jamaa zake walidhani ni ulozi. Tena, wazee wetu, mwajua katika nchi yetu neno hilo likishatamkwa huishia mlangoni kwa nani: kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yameharibiwa na moshi wa jikoni tu. Tunashukuru kwamba safari hii haikufika huko. Daktari alipoambiwa habari za chumba kile aliagiza mkojo upimwe, na zebaki ikaonekana. Mlinzi ameondolewa pale, na mikono yake imetulia kiasi. Lakini kusahau hakujamwacha. Fedha tuliyomkata amerudishiwa.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2003, katika mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, wachimbaji wa Rwamagasa, huku huku Geita, walipimwa na waganga. Wale wanaochoma zebaki ndio walioonekana kuathirika zaidi, kwa kutetemeka na kuyumba. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini tangu 1932 hata 1968, wavuvi wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu kufa ganzi, kushindwa kutembea, kuona kwa shida, na watoto kuzaliwa na ubongo ulioharibika. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Na kwa kuwa sisi ni wakulima, tusikilize habari za Irak. Majira ya mwaka 1971 kuingia 1972, wakulima waligawiwa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya zebaki na kutiwa rangi. Onyo liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Watu wakaosha rangi, wakadhani wameosha na sumu, wakaoka mikate. Zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki. Twaomba kila karani wa ghala ayakumbuke haya anapotoa mbegu iliyotiwa dawa, na amweleze mwanachama kwa lugha ya nyumbani, Kisukuma ikibidi, bila kutegemea karatasi.

Kuna na majaruba. Mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki mara nyingi huachwa juu ya mabonde yetu, na mvua huushusha mbugani. Katika tope lililofunikwa na maji, vijidudu hugeuza zebaki kuwa aina kali zaidi, iitwayo methilizebaki. Wachunguzi katika jimbo la Guizhou, China, wameikuta katika punje za mpunga uliolimwa karibu na machimbo ya zebaki. Mwalo wa kuoshea juu ya jaruba, basi, si ugomvi wa mipaka tu.

Juu ya dawa za kupulizia tutasema kwa ufupi, maana Bwana Shamba atazieleza kesho. Uchunguzi uliofanywa Marekani kati ya wakulima wa Iowa na North Carolina, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za parakwati au rotenoni walipatwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, mara mbili na nusu kuliko wasiozitumia. Hatusemi kila mzee anayetetemeka ametiwa sumu. Twasema chupa ya dawa isiwekwe chini ya kitanda, wala isitiwe mafuta ya kupikia.

Bwana Mwenyekiti, Halmashauri inaleta azimio mbele ya mkutano huu. Ukodishaji wa chumba kile ukome, na mpunga wala mbegu visiwekwe katika ghala hilo mpaka sakafu na kuta zishughulikiwe na wataalamu, kwa maana zebaki hujificha katika nyufa na vumbi. Chama Kikuu kinunue vifaa vya kunasia mvuke, ambavyo huirudisha zebaki katika chombo badala ya kuiacha hewani, viazimwe kwa wanachama kama tunavyoazima mabomba ya kupulizia. Asiyekuwa nacho achome nje, mbali na nyumba, watoto wakiwa wameondolewa. Nasi twajua kwamba hilo si kinga kamili.

Wapo watakaouliza mshahara wa mlinzi mpya utatoka wapi. Ni swali la haki. Tumeliweka katika makisio, ukurasa wa nne, na litapunguza posho za Wajumbe, pamoja na ya Katibu. Kura itapigwa baada ya chakula. Chumba chenyewe kimefungwa tangu Jumatatu, na ufunguo uko kwa Mweka Hazina.