Simulizi za Dini kwa Mtoto wa Nyumba Isiyosali

Mada kwa semina ya wazazi, walezi na walimu, Kasoli, Bariadi

Utangulizi



Mtoto wa Kasoli akianza shule, hazipiti siku nyingi kabla wenzake hawajamwuliza, "Wewe unasali wapi?" Wengi wana jibu: Katoliki, AIC, kwa Wasabato, msikitini. Lakini ziko kaya, na yangu ni mojawapo, ambazo mtoto wake hana la kujibu. Baadhi zinashika mila na kuwaenzi masamva, yaani mizimu ya wahenga. Nyingine hazina ibada yoyote. Sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu 1967, kwa hiyo kaya hizi hazionekani kwenye takwimu. Zinaonekana kwenye kipindi cha dini, watoto wanapogawanywa na mmoja akabaki hajui aende upande gani.

Hoja yangu ni kwamba mtoto huyu asimuliwe visa vya dini, tena asimuliwe kwanza na watu wa nyumbani kwake.

1. Kimya cha mzazi hakimlindi mtoto

Ukristo si mgeni wa jana mkoani kwetu. Misheni ya Nassa, ambayo leo iko Wilaya ya Busega, ilianzishwa karne ya 19, na Africa Inland Mission wakaichukua mwaka 1909. Kiswahili chetu chenyewe kimejaa watu wa visa vya dini: tunataja subira ya Ayubu, safina ya Nuhu, ukatili wa Firauni. Msibani anasimama mchungaji, katekista au shehe, na kijiji kizima kinasikiliza. Mtoto wako yumo humo, na anasikia.

Swali ni anasikia nini kwanza. Jioni moja ya msimu wa pamba tulikuwa tumekaa uani tukichambua, safi huku na fifi, ile ya daraja la chini, kule. Binti yangu akamgeukia bibi yake: "Bibi, wewe utachomwa moto?" Hakuwa anatania. Mikono yake ilikuwa imesimama, pamba ikiwa bado kiganjani. Alikuwa ameisikia Jehanamu kabla hajasikia hata kisa kimoja cha Yesu kumponya mgonjwa. Sisi wazazi tulikuwa hatujamwambia lolote, na hofu ndiyo iliyotangulia.

2. Tuanze na cha kwetu

Msukuma hahitaji kufundishwa kusimulia. Kwenye shikome, moto wa jioni, wazee walilea vijana kwa visa. Masala Kulangwa tunamjua wote: zimwi Shing'weng'we amemeza watu na mifugo, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza baba yuko wapi. Anaua panzi, anakimbia kwa mama akishangilia kwamba amemwua Shing'weng'we. Mama hamcheki. Anamwambia huyu ni panzi tu, wanamla, na mtoto anarudi tena porini mpaka siku anapompata mwenyewe, anampasua, na watu wanatoka hai.

Makatekista wa Usukumani wamekitumia kisa hiki kuwaeleza watu habari za wokovu. Kama wao waliona thamani ya kisa chetu, na sisi tunaweza kuiona thamani ya vya kwao. Mtoto anayemfahamu Masala Kulangwa anaposikia habari za Daudi na Goliathi, tayari anajua namna ya kusikiliza.

3. Namna ya kusimulia

Kwanza, mtaje mwenye kisa. Sema, "Wakristo wanaamini hivi," "Waislamu wanaamini hivi." Yusufu anafaa sana kuanzia. Kisa chake kimo katika kitabu cha Mwanzo, na sura ya 12 ya Kurani inabeba jina lake. Ndugu wenye wivu, shimo, Misri, ndoto, na mwisho msamaha. Mtoto ataona kwamba jirani wa kanisani na jirani wa msikitini wana mengi ya pamoja.

Pili, usidhihaki. Ukikicheka kisa, umemcheka jirani anayekitegemea wakati wa kufiwa.

Tatu, akikuuliza, "Ni kweli?", mjibu bila kumzunguka: "Wao wanaamini ni kweli. Mimi siamini hivyo. Ukikua utapima mwenyewe."

Nne, angalia umri. Nuhu na Yona wanawafaa wadogo. Ibrahimu na kisu chake asubiri kidogo. Idi ya kuchinja ikimleta mapema, usimwache mtoto kabla hajafika kwenye yule kondoo.

4. Akiamua kusali je?

Hili ndilo linalotutisha wengi, na ninalielewa. Tumwangalie Mwalimu Nyerere. Alizaliwa 1922 katika nyumba ya Mtemi Burito wa Wazanaki, nyumba ya mila. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima anayejua anachokifanya, na baadaye akaigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Hakuacha kuwa Mzanaki. Mtoto wangu akichagua hivyo kwa akili yake, nitaumia kidogo, nami nitamsindikiza. Akibaki kama mimi, nataka abaki kwa kujua, na awaheshimu wanaosali.

Mapendekezo

Kwa wazazi: tengeni jioni za kusimulia, visa vya Kisukuma na vya dini kwa pamoja.

Kwa walimu: mtoto asiye na dhehebu apewe kazi ya maana wakati wa kipindi cha dini, au mzazi aulizwe angependa akae wapi. Asiitwe mpagani mbele ya wenzake.

Kwa viongozi wa dini: Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaifanya imani kuwa hiari ya mtu. Tunaomba msiwabatize wala kuwasilimisha watoto wetu bila kutuuliza, na mkiwasimulia, tangulizeni upendo kabla ya moto. Karibuni pia majumbani mwetu mtusimulie visa hivyo ninyi wenyewe, maana mnavijua kuliko sisi.