Uga Usiotarajiwa: Ukali na Ukarimu katika Uhakiki wa Data

Uhakiki wa data, yaani kazi ya programu kukagua rekodi kabla ya kuipokea, hufundishwa mara nyingi kwa swali moja tu: je, kila kinachotakiwa kimo? Swali la pili, kama kimo pia kisichotakiwa, huachwa mpaka madhara yatokee.

Ichukuliwe, kwa kubuni tu, rekodi ya mgeni anayepanda Mlima Meru, ambako wapandaji husindikizwa na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Rekodi hiyo ina nyuga nne, uga ukiwa ni nafasi yenye jina inayobeba taarifa moja: jina, uraia, tarehe, na ule wa hiari uitwao askari_momela, unaoomba askari awepo katika lango la Momela. Jina Momela huandikwa na wengine kwa l moja na wengine kwa mbili. Basi programu ya wakala mjini Arusha ikituma askari_momella, seva isiyokataa uga isioujua itautupa kimyakimya, itahesabu kwamba askari hakuombwa, kisha itajibu kuwa yote yamepokelewa. Mgeni atafika alfajiri, risiti mkononi, na hakuna aliyepangiwa safari yake. Jibu fupi la "uga askari_momella haujulikani" lingelimaliza jambo siku ileile, mezani kwa wakala.

Uga wa ziada hautokani na kukosea tahajia peke yake. Machi 2012, mtaalamu wa programu Egor Homakov aliongeza katika fomu ya GitHub, jukwaa la kuhifadhi misimbo ya programu, ya kusajili ufunguo wa kidijitali, uga ambao fomu haikuuomba, wenye utambulisho wa mtumiaji mwingine. Seva iliupokea, naye akapata idhini ya kuandika katika mradi wa Rails, zana ya kutengenezea tovuti.

Chanzo cha ulegevu huo wa kupokea uga usiotarajiwa ni cha heshima. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, alishauri kwamba programu iwe na uangalifu inapotuma na ukarimu inapopokea, ushauri uliofaa wakati mashine za aina mbalimbali zilipokuwa zikijifunza kuzungumza. Hata leo, maelezo ya JSON Schema, lugha ya kueleza umbo la rekodi, yasiyotaja nyuga za ziada huziruhusu. Mwandishi ndiye anayepaswa kuzikataza waziwazi, na wengi husahau.

Ukali nao una gharama, kwani toleo jipya la programu ya simu likitangulia seva, maombi halali yatarudishwa; kwa hiyo mpokeaji huboreshwa kwanza, na rekodi hubeba namba ya toleo. Aidha, ukali huu ni wa anayepokea maombi. Anayesoma majibu ni afadhali apuuze asichokijua.

Ukali una pia sababu ya kisheria: nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika kwa lengo husika tu. Seva inayohifadhi rekodi nzima kama ilivyoletwa hukusanya bila kukusudia: namba ya pasipoti ambayo hakuna aliyeiomba huingia katika hifadhidata, na kutoka hapo katika kila nakala ya akiba ya usiku.