Mchoraji Akija Garbatulla, Achore Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Wazee wa dedha, akina mama wa vikundi vya maziwa, vijana, asanteni kwa kuacha kazi mkaja. Tunajua leo ni siku ya kunywesha, na wengine wenu mmewaachia watoto mifugo, kwa hivyo hatutazunguka sana.

Jambo lililotuita ni moja. Kuna wazo la kumleta mchoraji akae nasi kwa muda. Alale hapa, ale tunachokula, na kazi yake iwe kuchora mandhari ya nchi yetu: vilima, malisho, visima, mto. Mlipolisikia wengi wenu mliuliza, "Sisi tunataka pampu ya maji, mchoraji wa nini?" Mliuliza vizuri. Tumekaa na swali hilo wiki nzima na tunataka kuwaambia tulikofika.

Kwanza, picha si kitu kigeni katika vikundi. Waliopitia mafunzo ya DELTA, yale yaliyoanza Kenya mwaka 1974 ndani ya Kanisa Katoliki, wanakumbuka. Mwezeshaji anabandika picha ukutani, hasemi neno, halafu anauliza: mnaona nini hapa? Ni picha ya mama amebeba kuni na mtoto, na bwana ametangulia na fimbo yake. Watu wanacheka, wananyamaza, halafu ndipo maneno ya kweli yanatoka. Mtindo huo chanzo chake ni mwalimu Paulo Freire wa Brazil, na picha zake za kwanza kule alizichora Francisco Brennand, ambaye alikuwa mchoraji hasa. Kwa hivyo mchoraji na maendeleo walishajuana zamani.

Swali letu basi si kama picha ina faida. Ni faida ya nani? Hapo tuna mifano miwili, mmoja wa karibu kabisa.

Mnamkumbuka Mama Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Aliishi Isiolo kwa sababu bwanake, George, alikuwa afisa wa wanyamapori huko. Watu wamesahau kwamba kabla ya simba alikuwa mchoraji. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao, akazunguka nchi miaka kadhaa, akatoa mamia ya picha. Kazi nzuri, hatukatai. Mapambo mengine leo yanajulikana kwa sababu ya mkono wake. Lakini picha hizo zikaenda Nairobi, nyingi zikawekwa makumbusho. Yule aliyekaa juani ili achorwe, mjukuu wake akitaka kumwona babu yake leo ni lazima apande gari na alipe kiingilio. Hatumlaumu marehemu. Kazi ilipangwa hivyo: aliyelipa ndiye aliyechukua.

Mfano wa pili uko Murang'a. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana mmoja kutoka Marangu, huko Kilimanjaro, aitwaye Elimo Njau, aliyesoma uchoraji Makerere, alipewa kuta za kanisa la Anglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Naye alikuwa mgeni, si Mkikuyu. Akachora picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake si Yerusalemu ya kwenye kalenda, ni nchi ya pale pale. Mama wa Murang'a akiingia kusali anaona kwao. Na picha ziko kwenye ukuta wao, hawajaambiwa wapande gari.

Huyu Njau ndiye baadaye, mwaka 1965, alishirikiana na wenzake kufungua Paa ya Paa Nairobi, na alipenda kusema kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nafikiri mmeelewa tunapoelekea.

Sasa turudi hapa. Mgeni akishuka Garbatulla na rangi zake mwezi wa nne mvua ya ganna ikiwa imenyesha, atachora majani, maua, ngamia wamenenepa. Ataionyesha huko nje na watu watasema, hawa hawana shida. Akija mwezi wa pili, bona imekaza, atachora mifupa na vumbi, watasema nchi hii imekufa, afadhali ipewe mtu mwingine aitumie. Picha zote mbili zimechorwa kwa macho mazima na zote mbili ni uongo. Ukweli wa nchi hii uko katika kuhama: malisho ya mvua yanaachwa yapumzike, ya kiangazi yanangojewa, na yale ya ukame mkubwa hayaguswi mpaka wazee waseme. Mvua zilipokosa mara tano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, si mliona tofauti ya mahali palipotunzwa na mahali palipovurugwa? Hiyo ndiyo mandhari yetu. Haionekani kwa siku kumi.

Ndiyo maana tunasema, kama atakuja, aje bona na akae mpaka ganna imalizike. Hatutaki mtu wa kupitia. Na asitembee peke yake na kiti chake cha kukunja. Atembee na mzee wa dedha, na aba herega akifika kisimani, na kijana anayechunga, na mama anayejua kuni zinatoka wapi. Kila mmoja wao anaona nchi nyingine. Kilima kile kile kwa mchungaji wa ng'ombe ni majani, kwa mwenye ngamia ni miti, kwa mama ni mwendo wa saa tatu na mzigo mgongoni.

Tena kuna mahali ambapo mgeni haoni kitu kabisa. Anaona uwanja mtupu na migunga miwili. Mzee anaona kambi. Wakati wa vita vya shifta, vilivyoanza 1963 na kuisha 1967, watu wetu walikusanywa wakafungiwa kambini, na Garbatulla ilikuwa moja ya kambi hizo. Mifugo ilipigwa risasi, mingine ikafa ndani kwa kukosa malisho. Wazee wanauita wakati huo gaf daba. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilieleza mateso ya vita hivyo, lakini ripoti ni kitabu kizito na ni wangapi hapa tumeifungua? Kama mchoraji angeketi na wazee wawili pale uwanjani, wamwonyeshe ua lilipita wapi, hiyo peke yake ingetosha kumlipia chakula.

Kuna dada aliyetuuliza pembeni kuhusu dini. Ni kweli ndugu zetu wengi Waislamu hawapendi picha za viumbe vyenye roho, na hapa wao ndio wengi, nasi ni majirani. Tumeongea na walimu wao. Miti, mawe, milima na maji havina ubishi huo. Basi mchoraji wa mandhari anatufaa kuliko mchoraji wa nyuso, na kama ng'ombe wataingia kwenye picha, kila mwenye ukuta aulizwe kwanza.

Jambo gumu zaidi tumeliacha nyuma makusudi. Mnakumbuka kazi ya ramani mwanzoni mwa miaka ya 2010, tulipochora nchi chini kwa mawe na vijiti, halafu kwenye karatasi, halafu ikapandishwa kwenye picha za setilaiti na wazee wakaonyesha: huu ni mto, hii ni njia ya mifugo, hapa ni akiba ya ukame. Ubishi mkubwa haukuwa wa kompyuta. Ulikuwa: nani ataiona ramani hii? Maana ukimwonyesha kila mtu akiba yako umemfungulia zizi. Swali hilo linarudi kwa mchoraji. Picha nzuri ya kisima, na jina lake chini, ikining'inia hotelini, inaongea na watu msiowajua. Wazee ndio waseme mahali gani pachorwe, mahali gani pachorwe bila jina, na mahali gani rangi zisifike.

Hapa tusidanganyane pia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka jamii isajiliwe na ardhi ipimwe na mpima ardhi. Picha ya rangi haiwi hati, hata ikiwa kubwa kama mlango. Atakayewaambia mtoe pesa za usajili kwa mchoraji, mkataeni. Lakini picha inaweza kukaa katikati ya baraza na kuwafanya vijana waulize, na wazee wajibu kabla hawajaondoka. Wangapi tumewazika tangu ule ukame, na majina ya mahali wakaondoka nayo?

Kuhusu fedha, hakuna atakayechangishwa. Vikundi vitatoa nyumba, maziwa na mtu wa kumwongoza. Rangi aje nazo mwenyewe, pamoja na za kuwafundishia vijana. Katika kila picha mbili, moja ibaki hapa, nasi tuchague kwanza. Hili aliandike na kulitia sahihi kabla hajafungua mzigo. Tuliwahi kumkaribisha mgeni wa kamera kwa heshima zote, akaahidi, na tulikuja kuiona picha ya visima vyetu kwenye kalenda mjini.

Zinazobaki ni afadhali ziwe ukutani kwa saruji, shuleni au zahanati. Za mbao mchwa watazimaliza, mnawajua mchwa wa hapa.

Mpaka tukutane tena, kila kikundi kiandike majina kumi ya mahali, kwa Kiborana, na nani anajua habari zake. Tukiona hatuwezi kupata hata hayo kumi, huyo mchoraji angoje kwanza. Mwenyekiti, tumemaliza upande wetu. Kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja visima.