Maktaba ya Chuo na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Matini ya mada kwa wakazi wa kata kuhusu matumizi ya maktaba za vyuo



Si ajabu, katika vijiji vya Handeni na Korogwe, kumsikia mzee akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akaondoka na jeshi kuelekea kusini, na hakurudi. Aghalabu simulizi huishia hapo. Kikosi alichokitumikia hakijulikani, mahali alipofia hapajulikani, na kaburi halipo. Wajukuu wanaosikia habari hiyo hubaki na huzuni isiyo na tarehe.

Mada hii inaeleza namna mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika insha ya historia ya kijeshi anavyoweza kuitumia maktaba ya chuo kulisogeza mbele simulizi la aina hiyo. Inaeleza pia namna mkazi wa kata asiye mwanafunzi anavyoweza kuomba kuingia kwa mlango huo huo.

Swali hutangulia kitabu

Chukulia mwanafunzi wa stashahada ya ualimu, mwenyeji wa Handeni, ambaye mkufunzi wake amemwagiza aandike insha kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia. Anafika maktaba na kichwa hiki: “Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki”. Kichwa hicho hakibebeki. Vita hivyo vilianza Agosti 1914. Vilipita Tanga, Kilimanjaro, Morogoro na Lindi, vikaingia Msumbiji, na vikamalizika kwa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala nchini Zambia. Insha ya kurasa 10 itakayojaribu kuyabeba yote hayo itakuwa orodha ya miji na majina ya majenerali.

Mkutubi mzuri hakimbilii kumpa mwanafunzi huyo kitabu. Humuuliza maswali matatu: habari za nani, mahali gani, na mwaka gani? Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kando ya mto Pangani. Mwezi Juni yaliingia Korogwe na Handeni, na tarehe 24 Juni yakapigana na Wajerumani kwenye mto Lukigura. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamejenga reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni, ambayo mabehewa yake yalisukumwa kwa nguvu za watu. Mwanafunzi akiyajua hayo, swali lake hupungua upana na kuongezeka uzito: ni nani waliobeba chakula na risasi za majeshi kati ya Korogwe na Handeni mwaka 1916, na yaliwapata nini?

Swali la namna hiyo ndilo linalomwezesha mtu kuingia maktaba asubuhi na kutoka jioni akiwa na jambo mkononi.

Katalogi ina lugha yake

Hatua inayofuata ni katalogi. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey. Historia ya kijeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia huwekwa kwenye 940.4, na historia ya Tanzania huwekwa kwenye 967.8. Rafu hizo mbili hazikai pamoja. Anayeishia kwenye 940.4 atavikuta vitabu vya mapigano, lakini atakikosa kitabu cha John Iliffe cha mwaka 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, ambacho kina sura inayoonesha vita hivyo viliwafanyia nini wakulima na wafugaji. Kwa hiyo mtafiti azitembelee rafu zote mbili, na akikipata kitabu kimoja, avitazame pia vilivyo kulia na kushoto kwake.

Maneno ya kutafutia nayo yana ugumu wake. Mwanafunzi akiandika “wapagazi” kwenye kompyuta ya katalogi, huenda asipate kitu, kwa kuwa vitabu vingi vya vita hivyo viliandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Waingereza waliwaita watu hao “carriers” au “porters”. Wajerumani waliwaita “Träger”. Kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza kiliitwa “Carrier Corps”, na jina hilo, likitamkwa na Waswahili, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu huingia na kutoka sokoni humo kila siku pasipo kukumbuka kwamba wanalitaja jina la kambi ya wapagazi.

Majina ya mahali hutatiza vivyo hivyo. Lushoto kwenye ramani za Wajerumani ni Wilhelmstal. Mtafiti aandike kwenye daftari lake majina mawili ya kila mahali, la zamani na la sasa, kabla hajaanza kusoma. Vinginevyo atapita juu ya habari anayoitafuta bila kuitambua.

Vitabu vinavyosema na vinavyonyamaza

Vitabu vikishapatikana, kazi inayobaki ni kuvihoji kama mashahidi wanavyohojiwa mbele ya baraza.

Shahidi wa kwanza ni historia rasmi ya Uingereza ya vita vya Afrika Mashariki, iliyoandikwa na Charles Hordern na kuchapishwa mwaka 1941. Ina ramani nzuri na tarehe za kuaminika. Hata hivyo, juzuu hiyo inaishia Septemba 1916, na juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Maana yake ni kwamba miaka miwili ya mwisho, ambayo ndani yake yalitokea mapigano makali ya Mahiwa karibu na Lindi mnamo Oktoba 1917, haimo. Mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba baada ya Handeni na Morogoro hapakuwa na jambo kubwa tena. Ukimya wa rafu usichukuliwe kuwa ni ukimya wa historia.

Shahidi wa pili ni Lettow-Vorbeck mwenyewe, ambaye kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1920. Aliandika kama kamanda aliyetaka asomwe kuwa hakushindwa. Asomwe kwa hadhari, lakini asomwe, maana mara nyingine husahihisha uvumi wa upande wa pili. Mfano ni mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Huko jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishindwa na watetezi wapatao 1,000. Nyuki walitibuliwa na kuwashambulia wanajeshi, na baadaye ikaenezwa Uingereza habari kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi. Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba nyuki hao hao waliwatimua pia wapiga bombomu wake. Nyuki hawakuchagua upande. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja ataandika kuhusu mtego, na aliyesoma viwili ataandika kilichotokea.

Shahidi wa tatu ni Geoffrey Hodges, ambaye mwaka 1986 alichapisha kitabu kizima kuhusu wapagazi. Humo msomaji hukuta habari ambazo vitabu vya majenerali huzitupa pembeni: mizigo ya kilo 25 hivi kichwani, unga usioiva, kuhara damu, na mishahara ya marehemu ambayo haikuwafikia ndugu zao. Lakini hata Hodges ana mpaka wake. Amewashughulikia zaidi wapagazi waliotoka Kenya. Mtu wa Handeni huenda alichukuliwa kwanza na Wajerumani, na Waingereza walipokwisha kuishika nchi, akachukuliwa tena nao. Habari zake zitafutwe pande zote mbili.

Inafaa pia kukisoma kitabu kuanzia nyuma. Faharasa huonesha kwa dakika moja kama Handeni imetajwa, na ukurasa gani. Tanbihi na marejeo humwonesha msomaji mwandishi alikochota maji yake, ili naye aende kisima hicho hicho. Kwa njia hiyo mwanafunzi hufika kwenye jarida la “Tanganyika Notes and Records”, lililoanza mwaka 1936, na kwenye vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa utawala wa Kiingereza, ambavyo hutunzwa na Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam.

Namba bila majina

Baada ya siku kadhaa maktaba, mwanafunzi atakuwa na hesabu za kutisha. Wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, na kwamba waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri.

Majina hatayaona. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja askari na wapagazi kwa jumla, pasipo jina la mtu. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kukiri kosa. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hivyo, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Kwa sehemu kubwa waliachwa kwa sababu walionekana watu wasiohitaji jiwe la kaburi.

Hapa ndipo insha ya mwanafunzi inapoacha kuwa kazi ya alama tu. Maktaba imempa njia, tarehe na chanzo cha vifo. Jina, kama bado lipo, limo kijijini. Mzee mwenye miaka 80 hakuviona vita hivyo. Alizaliwa zaidi ya robo karne baada ya kwisha kwake. Lakini aliwasikia walioviona. Kila mwaka wazee wa rika hilo hupungua, na simulizi lisiloandikwa huzikwa pamoja na msimuliaji.

Mwanafunzi arudi basi nyumbani na daftari. Abishe hodi kwa adabu, aeleze kazi yake, na aombe ruhusa ya kuandika au kurekodi. Aandike jina la msimuliaji, tarehe, na jambo muhimu kuliko yote: msimuliaji alilisikia simulizi kwa nani. Asimtilie mzee maneno kinywani kwa kumuuliza, “Babu alipita Lukigura, sivyo?” Amuulize, “Walisema alipita wapi?” Kisha alinganishe jibu na ramani ya Hordern. Vikikubaliana, amepata ushahidi wa kutosha kuandika. Visipokubaliana, aandike vyote viwili na kueleza tofauti. Hana ruhusa ya kuuziba ufa kwa kubuni.

Mkazi asiye mwanafunzi

Wakazi wengi hudhani kwamba maktaba ya chuo ni ya wenye kitambulisho cha chuo peke yao. Kila chuo kina masharti yake, na vipo vinavyowapokea wasomaji wa nje wanaofuata utaratibu. Mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

Kwanza, apate barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, inayotaja jina lake na jambo analotaka kulisoma. Achukue pia kitambulisho chake cha taifa au cha mpiga kura.

Pili, aulize kabla ya kusafiri: siku zipi wasomaji wa nje hupokelewa, kama kuna ada, na kama kupiga picha kurasa kunaruhusiwa. Ategemee kusomea ndani, kwani kuazima kwa kawaida ni haki ya wanachama.

Tatu, aende na swali lililoandikwa, daftari na penseli. Nyaraka za zamani hazisogelewi na kalamu ya wino.

Nne, asione haya kumuuliza mkutubi. Kuulizwa ndiyo kazi aliyoisomea.

Asiyeweza kufika chuoni aanzie kwenye maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mwenye intaneti anaweza pia kutafuta jina bila malipo katika orodha ya tume ya makaburi ya vita. Asipoliona, asihitimishe kwamba mtu huyo hakuwapo.

Hatimaye, insha ikishasahihishwa na mkufunzi, isiishie kabatini chuoni. Nakala moja ipelekwe shule ya sekondari ya kata, na nyingine apewe mzee aliyesimulia, asomewe mbele ya wajukuu wake. Akisikia jina la babu yake limeandikwa sawasawa, pamoja na njia aliyopita na mwaka aliopita, atajua kwamba alichokisema kimesikika. Na likiwa limekosewa, yeye ndiye atakayelisahihisha, wakati bado yupo.