Sauti Itangulie, Kitabu Kifuate

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka kwa niaba ya Kamati ya Elimu

Dakika nilizopewa ni chache na akina mama wa jikoni wameshaanza kupakua.

Mwaka huu Kamati ya Elimu imeleta ombi ambalo baadhi yenu mmeliona dogo. Mmezoea tukisimama hapa tunaomba mabati, saruji na madawati. Safari hii tumeomba karatasi, wino na masanduku. Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, matundu ya vyoo hayajaisha, wewe unatuletea vitabu vya picha?" Ni swali la haki. Nimeahidi kumjibu mbele yenu nyote.

Kwanza nimkumbushe jambo analolijua kuliko mimi. Kisiwa chetu ni kisiwa cha waandishi. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliohangaika muda mrefu kupata mtoto. Alimaliza kuandika mwaka 1945. Wachapishaji hawakupatikana, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walionekana wachache. Mzee hakukata tamaa. Akakaa chini, akakitafsiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee akafariki dunia, na wanaosimulia habari zake husema nakala zilikuwa hazijamfikia mkononi.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1945 mpaka 1980 ni miaka 35. Maneno yalikuwepo, mwenye maneno alikuwepo, wasomaji walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuyatoa kwake kuyafikisha kwao. Leo njia hiyo imo mifukoni mwetu, nasi tunaitumia kutumiana picha za maua na salamu za asubuhi.

Wengi wenu mmo katika kundi letu la WhatsApp. Kwa muda mrefu lilikuwa kundi la misiba, michango na matangazo ya meli. Mwaka jana tulikubaliana kwamba jioni ya Jumapili iwe ya watoto. Mwanachama mmoja anachagua kitabu cha picha au shairi fupi. Anatuma kurasa zake, kisha anasoma kwa ujumbe wa sauti, ukurasa mmoja ujumbe mmoja, ili mzazi aweze kusimama, kumwonyesha mtoto picha, na kuendelea. Ujumbe wa sauti hauli bando kama video, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua hufika.

Walijitokeza wasomaji ambao sikuwategemea. Dereva wa lori alisoma akiwa ameegesha njiani. Muuguzi alisoma kabla ya kuingia zamu ya usiku. Baba mmoja anayevua dagaa katika visiwa vya mbali, ambaye mwanawe humwona siku za mbalamwezi tu pale kazi inaposimama, alisoma hadithi ya fisi mara tatu mfululizo, kwa sababu mtoto aliagiza irudiwe.

Ni mtoto huyohuyo aliyetufundisha upungufu wetu. Simu aliyosikilizia haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya mjomba, na mjomba alikuwa na safari zake. Hadithi ilipokwisha, mjomba akaiweka simu mfukoni akaondoka. Mtoto akaanza kulia: "Fisi wangu amemchukua!" Mama yake alitusimulia kwa kucheka, nasi tukacheka. Usiku nilipolala nikaona kwamba mtoto alikuwa amesema jambo zima. Sauti ya baba ilifika. Lakini picha, maneno, ukurasa wa kuushika na kuurudia, vyote viliondoka na mwenye simu.

Ndugu zangu, mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atawaambia kwamba mtoto huanza kusoma kabla hajajua herufi. Husoma picha. Anamwona fisi, anaona kamba, anasema kitakachotokea, kisha anafunua ukurasa kuhakikisha. Hapo anajifunza kwamba kitabu kinakwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, kwamba maneno yale meusi chini ya picha hayabadiliki, na kwamba leo na kesho yatasema jambo lilelile. Tangu mtaala wa KKK ulipoanza kutumika mwaka 2015, madarasa ya kwanza na la pili yamewekewa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wanajitahidi. Lakini mtoto anayekutana na kurasa shuleni tu, kitabu kimoja wakiinamia watoto wengi, hana muda wa kurudia. Na kusoma ni kurudia.

Kitabu cha picha kina faida nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi: hakimwaibishi bibi asiyejua kusoma. Mwekee kitabu cha maneno matupu, atakirudisha. Mwekee chenye picha, atamsimulia mjukuu kwa Kikerewe kile anachokiona, na mjukuu atamsomea kwa Kiswahili kile kilichoandikwa. Hapo wamekaa wawili kwenye kitabu kimoja, kila mmoja mwalimu wa mwenzake.

Sasa niseme kosa letu, maana lililotokea tulilifanya wote. Wiki za mwanzo mwanachama mmoja alinunua kitabu kizuri cha watoto dukani, akapiga picha kurasa zote kutoka jalada hadi jalada, akazituma. Tukamshukuru kwa mikono iliyokunjwa na mioyo myekundu. Mimi pia nilimshukuru. Siku ya tatu dada yetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uchapishaji akaandika mstari mmoja tu: "Mwandishi naye ana watoto." Kundi likanyamaza mpaka jioni.

Alikuwa na haki. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kutuma kitabu kizima cha mtu bila idhini yake ni kumtolea mali ghalani. Tena sisi, watu wa kisiwa cha Kitereza, tungekuwa wa mwisho kumfanyia mwandishi hivyo. Tulivifuta, tukanunua nakala za kitabu kile kwa fedha zetu, tukazipeleka shuleni. Kisha tukajiwekea utaratibu ambao ningependa kila mwanachama aujue.

Kwanza, tunatuma kitabu kizima ikiwa tu wenyewe wameruhusu. Vipo vingi. Mpango wa African Storybook wa Afrika Kusini na ule wa StoryWeaver wa Pratham Books ya India hutoa vitabu vya picha kwa leseni huria, Kiswahili kikiwemo. Leseni inaruhusu kupakua na kuchapa, na kwa vitabu vingi hata kutafsiri, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kitabu chenyewe. Sharti la kawaida ni kumtaja mwandishi, mchoraji na leseni. Kwa hiyo msomaji wetu wa Jumapili huanza kwa kuwataja. Watoto wameshazoea, ukisahau wanauliza, "Nani kachora?"

Pili, kitabu cha dukani tunakisifu, tunasema kinapatikana wapi, na anayeweza anakinunua.

Tatu, hatutumi sura za watoto wetu wala majina ya shule zao. Sauti ya mtoto akisoma shairi inatosha kutufurahisha.

Nne, wimbo au shairi la mzee wetu linarekodiwa kwa ridhaa yake, jina lake linatajwa kama anapenda, na yeye ndiye wa kwanza kusikilizishwa.

Hili la nne limetuletea neema. Nyimbo za kubembelezea watoto kwa Kikerewe, ambazo wengi wetu tulidhani tumezisahau, zimerudi kupitia vinywa vya bibi zetu. Mwanachama aliyeko Dar es Salaam, ambaye watoto wake hawajui Kikerewe, alinipigia simu usiku akasema wimbo mmoja alikuwa ameusikia mara ya mwisho mgongoni kwa mama yake. Hakuweza kuendelea kuzungumza.

Katika mashairi pia tunaye wa kujivunia. Profesa Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, hapahapa kwetu, mwaka 1944. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, ilizua mjadala mkubwa kwa sababu mashairi yake hayakufuata vina na mizani vilivyozoeleka. Sitaingia katika ugomvi wa washairi. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Ukerewe akiambiwa aandike shairi, asidhani shairi ni kitu cha watu wa mbali. Tumewaomba watoto waandike mistari minne kuhusu kitu wanachokigusa kila siku: muhogo, mtumbwi, jua la kuanikia dagaa. Wengine wanapanga vina, wengine hawapangi. Wote wanasomwa Jumapili, na aliyesomwa wiki hii, wiki ijayo anakuja na mistari minane.

Basi ombi letu ni hili. Sauti imekwishatangulia, tunataka kitabu kiifuate. Kila hadithi inayosomwa kwenye kundi, ambayo leseni yake inaruhusu, ichapwe na ifike mikononi mwa watoto waliyoisikia na ambao hawakuisikia.

Sikilizeni hesabu yake, ni ya darasa la tatu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa nne. Kitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi nne na pini mbili za stepla. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo inatoa vitabu 125. Tuseme vitano viharibike kwenye mashine, vinabaki 120. Darasa la watoto 60 linapata vitabu viwili kwa kila mtoto kutoka rimu moja, ukiacha gharama ya wino na jalada la manila. Tumejaribu, tukagundua kwamba michoro ya mistari minene hutoka vizuri kwa wino mweusi, na picha za rangi nyingi hutoka giza. Kwa hiyo tunachagua vitabu kwa kuangalia michoro pia. Na kwa kuwa panya na mchwa nao ni wasomaji hodari, kila shule ipewe sanduku la bati lenye kufuli, na mtoto aruhusiwe kwenda na kitabu nyumbani Ijumaa, akirudishe Jumatatu. Kikichanika, tutachapa kingine. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa hakijapotea.

Mzee wangu aliyeniuliza mlangoni, jibu langu ndilo hilo. Fedha za vyoo zina kifungu chake na hazitaguswa; mweka hazina yupo hapa, atathibitisha. Choo kitamwezesha binti yetu kubaki shuleni bila fedheha. Lakini akibaki miaka yote ya shule ya msingi na akatoka hawezi kusoma barua ya mama yake, tutakuwa tumemjengea mahali pa kungojea tu.

Tunaomba kila familia ichague moja kati ya haya matatu: rimu moja ya karatasi pamoja na wino wake, au mchango wa sanduku, au, kwa asiye na fedha leo, sauti yake jioni moja ya Jumapili. Hilo la tatu tunalipokea kama mchango kamili na jina litaandikwa kwenye orodha pamoja na mengine. Kila fedha itakayopokelewa itatolewa stakabadhi. Mwakani tukikutana hapa nitawasomea vitabu gani vilichapwa, nakala ngapi, zilikwenda shule zipi, na ngapi zimechakaa. Namba ya zilizochakaa ndiyo nitakayoitamka kwa fahari zaidi.

Namalizia kwa yule mtoto wa fisi. Tulimchapia kitabu kile kikiwa cha kwanza kabisa, kwenye steshenari ya Nansio, nikampelekea mwenyewe. Hakunishukuru. Alikipokea akaenda moja kwa moja kwa bibi yake aliyekuwa akimenya muhogo, akaketi, akaanza kusoma. Nusu alikuwa anasoma, nusu alikuwa anakumbuka sauti ya baba yake, na sikuweza kutofautisha. Baba alipokuja siku za mbalamwezi, hakuombwa kusoma. Aliambiwa akae asikilize.