Jiko la Gesi Linaposumbua: Tukague Kabla ya Kurudi kwenye Mkaa

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Choma, Wilaya ya Igunga)



Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo hilo halitafikiwa kwa kugawa mitungi pekee. Mtungi uliosukumwa pembeni kwa sababu jiko limegoma hauokoi mti hata mmoja katika ngitili zetu. Naomba basi tupitie hitilafu zinazojitokeza mara kwa mara.

Kwanza, harufu. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu inayotambulika kwa urahisi. Huongezewa kemikali inayonuka ili itutahadharishe. Ukiisikia, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, wala usipige simu humo ndani. Funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, utoe watu wote nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kama maji bondeni. Ukishafika nje, piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Pili, kutafuta mahali panapovuja. Harufu ikiisha kabisa, fungua koki bila kuwasha jiko, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, hapo ndipo panapovuja. Funga koki, kaza, upime tena. Yakiendelea, huenda wosha ya mpira imechakaa: funga, uurudishe mtungi kwa wakala. Kutafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti ni kualika msiba.

Tatu, moto wa njano na sufuria kuwa nyeusi. Moto mzuri ni wa bluu. Ukigeuka njano, gesi haipati hewa ya kutosha. Mara nyingi uji umefurika na kuziba matundu, au buibui amejenga katika njia ya hewa. Zima jiko, funga koki, liache lipoe, sugua kichwa chake kwa brashi na maji ya sabuni, kisha likauke kabisa kabla ya kuwasha.

Nne, moto hafifu. Anza na mizani kabla ya kumlaumu fundi. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa juu ya mtungi wenyewe. Mtungi wa gesi ya kilo 6 ulioandikwa kilo 7 ukiwa mtupu, unapaswa kuonyesha kilo 13 ukijaa. Kwa hesabu hiyo hiyo, mwananchi anayo haki ya kupimiwa mbele ya macho yake anaponunua. Kamwe usiupashe mtungi moto ili kumaliza mabaki.

Tano, ndugu zangu, ni jambo linalogusa uhai. Usiku wa baridi wa Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakiamini kwamba makaa yaliyokwisha kutoa moshi ni salama. Sivyo. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asizisikie, na asiamke. Jiko la gesi likiwaka katika chumba kilichofungwa laweza kuleta hatari hiyo hiyo. Jiko lolote lisigeuzwe chombo cha kupashia chumba joto. Tujifunike blanketi, na tunapopika, dirisha liwe wazi. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe kwenye hewa safi na umwahishe kituo cha afya.

Tukirudi nyumbani leo, kila kaya ianze na povu la sabuni. Ni kazi ya dakika chache, nayo yaweza kuokoa familia nzima.